Pembe ya Nne

Mume wangu Doyle alifariki Jumatatu alfajiri, na ilipofika saa nne asubuhi tayari nilikuwa na wazee watatu jikoni, wamekalia viti vyangu, wanakunywa kahawa yangu, wananiambia kwamba jambo lenyewe haliwezekani.

Waliniita shemeji kila baada ya maneno mawili. Shemeji pole, shemeji tunaelewa, shemeji sheria ni sheria. Sina undugu nao hata wa mbali. Ila wao na Doyle walikuwa wakiitana ndugu kwa kuwa wote ni Korongo, Udugu wa Korongo Waaminifu, Kiota Namba 88, hapa Orley, Indiana, na ukishaolewa na Korongo unapata mashemeji wengi kuliko unavyoweza kuwalisha. Mimi nimewalisha. Miaka thelathini na minane nimewakaangia samaki kila Ijumaa katika jiko la chini ya ukumbi wao, mimi na wenzangu tulioitwa Mabinti wa Korongo. Binti wa mwisho aliyebaki ana miaka sitini na tisa, naye ndiye anayekusimulia.

Niwataje wageni wangu. Aliyekaa kwenye kiti cha Doyle bila hata haya ni Orrin Stumpf, Korongo Mkuu, miaka themanini na sita, kinyozi mstaafu ambaye mikono yake ilianza kutetemeka miaka kumi kabla hajastaafu; wateja wake wa zamani unawajua kwa kuwaangalia masikio. Aliyekumbatia kitabu ni Wendell Goss, katibu, zamani mpeleka barua. Kitabu ni Katiba ya Udugu, na Wendell akikosa jibu humo hukwambia swali lako si halali. Wa tatu, Merle Dietz, Mlinzi wa Mlango, alikuwa amesinzia na kikombe mkononi. Hao ndio Korongo wote waliobaki. Wa nne alikuwa Doyle.

Na hapo ndipo penye shida. Doyle aliacha karatasi moja tu kuhusu mazishi yake, nayo ilikaa miaka miwili kwenye mlango wa friji, imebanwa kwa sumaku. Ilikuwa na mambo matatu. Yasiletwe mayungiyungi. Twila, ndiye mimi, asimchagulie tai ya shingoni. Na aagwe kwa Pembe Nne. Katika kuagwa huko, Korongo wanne husimama kwenye pembe nne za jeneza, kila mmoja na kofia yake ya manyoya, wakasema maneno yao. Pembe moja ikiwa tupu, hakuna kuagwa. Unazikwa tu kama mtu yeyote. Mambo mawili ya kwanza ningeyaweza mwenyewe, ingawa hilo la tai lilinichoma. La tatu ndilo alilolitaka kweli. Pale hospitali alilitaja mara nyingi kuliko alivyonitaja mimi.

Usicheke sana. Enzi za babu yangu mtu akisagwa na mashine kinuni hakuna aliyejua watoto wake watakula nini wiki ijayo. Korongo walikuwa wakijua. Walikesha na mgonjwa kwa zamu, wakachimba kaburi, wakampelekea mjane makaa ya mawe mpaka majira ya kuchipua. Sijui ni nani aliyeamua kwamba mwanaume hawezi kumpelekea mjane makaa bila kwanza kuvaa aproni yenye nyota na kofia yenye manyoya, lakini aliamua, na Marekani nzima ikamfuata. Kila mji ulikuwa na wanaume wazima waliojiita jina la mnyama na kugonga mlango kwa mtindo maalumu. Kiota 88 kilikuwa na watu mia tatu na kumi mwaka niliozaliwa. Walikuwa na bendi. Walikuwa na panga. Halafu ikaja pensheni ya serikali, ikaja bima ya kazini, ikaja televisheni, na vijana wakaona kwamba wanaweza kukaa nyumbani Alhamisi jioni bila mtu kuwafunga kitambaa machoni na kuwazungusha ukumbini. Wazee wakaanza kufa. Hawajaacha hadi leo.

Nikawauliza Korongo hao kwa nini wasiombe mtu makao makuu. Wendell alikuwa ameshapiga simu. Makao makuu siku hizi ni mama mmoja anayefanya kazi nusu siku, naye alimjibu kwamba kiota cha karibu kina wanachama wanne, wawili wako kwenye nyumba ya wazee na mmoja hajulikani alipo.

"Basi mimi," nikasema.

Wote wawili walio macho wakaangalia dari. Udugu uliruhusu wanawake tangu miaka ya tisini, lakini Kiota 88 kiliamua kulitafakari jambo hilo, na mpaka leo kinalitafakari. Wendell akanifungulia Katiba. Hata kama wangemaliza kutafakari, alisema, jina jipya lazima likae kitabuni siku tisini kabla ya kupigiwa kura, na Doyle asingengoja siku tisini. Nikamwambia Doyle hana haraka yoyote, mwenye haraka ni daktari wa kaunti. Hakucheka.

Ila alipokuwa akifunua kurasa aligundua kitu, na nikamwona akikigundua, kwa sababu alikifunga kitabu haraka kama mtu aliyeona picha chafu. Nikamwambia asome. Akasoma. Jina lililopigiwa kura likakataliwa halifutwi. Linabaki kitabuni, na linaweza kupigiwa kura tena siku yoyote Korongo Mkuu akiita mkutano, bila kungoja.

"Na majina hayo yapo mangapi?" nikauliza.

"Yapo kumi na moja. Kumi wamekufa."

Hakulitaja la kumi na moja. Hakuwa na haja. Ni jina la ukoo wangu, Hutsell. Ni mdogo wangu, Lamar.

Sasa nikueleze kura ya Korongo ilivyo, maana humo ndimo mambo yote yalimoharibikia. Kuna sanduku la mbao lenye tundu. Pembeni kuna bakuli la gololi, nyeupe na nyeusi zimechanganywa. Kila mwanachama anapita peke yake, anachukua gololi moja, anaingiza mkono tunduni mahali pasipoonekana, anaiachia. Nyeupe ni karibu, nyeusi ni hapana, na nyeusi moja inatosha kumkataa mtu hata kama wamempenda wengine wote. Mkuu analifungua sanduku, anachungulia, hahesabu. Anasema "sanduku ni jeupe" au "sanduku lina giza," basi. Na kila mmoja amekula kiapo kwamba hatasema alitia nini mpaka anaingia kaburini.

Mwaka 1971 Doyle alimpendekeza Lamar. Lamar alikuwa na miaka ishirini na minne, nywele mpaka mabegani, pikipiki, na mdomo usiopumzika. Alinunua suti kwa ajili ya siku hiyo. Alikaa kwenye ngazi za ukumbi, watu sitini wakapita mbele ya sanduku, halafu akaja mtu akamwambia lina giza. Akashuka ngazi, akapanda pikipiki na suti yake. Sijawahi kumwona akiivaa tena.

Lamar akawa fundi wa mabomba na tanuri za kupasha nyumba joto, na ni fundi hasa. Hakuna nyumba Orley ambayo hajaingia chini yake. Tanuri ya ukumbi wa Korongo iliharibika mwaka 1983. Hakuna aliyekuwa na uso wa kumwita, na fundi wa mji wa jirani alikuwa shemeji wa mtu waliyemkataa pia. Kwa hiyo tangu 1983 Korongo Waaminifu wanafanya mikutano yao wamevaa makoti. Na kila Alhamisi saa moja jioni, miaka yote hiyo, Lamar anapitisha gari lake mbele ya ukumbi, anapiga honi mara moja, anakwenda zake.

Doyle tu ndiye aliyepona hasira yake. Lamar aliamini kwamba katika wanaume sitini kulikuwa na mmoja aliyemtaka, naye ni huyo aliyempendekeza. Kila Jumapili alikuja kula kwetu, kila vuli aliikagua tanuri yetu kabla hatujamwambia. Mtu akimsema Doyle vibaya, hata mimi, hasa mimi, alinyanyuka mezani.

Mchana ule ule nikaenda karakana kwake. Nilimkuta amelala chini ya tanuri ya mtu, miguu tu nje, na nilijua kwa jinsi miguu ilivyotulia kwamba alikuwa akilia humo chini. Nikamweleza kila kitu nikiiambia miguu. Ilichukua muda kabla hajatoka.

"Kwa Doyle nitavaa hata hayo manyoya," akasema. "Ila kwanza aliyetia nyeusi aniambie kwa mdomo wake."

Nikamwambia ni miaka arobaini, watu wenyewe karibu wote wako makaburini. Akasema basi waliobaki waseme ni marehemu gani, yeye atakwenda kuongea na jiwe. Hakuwa anatania. Nikamwambia nitawaita, nikaingia garini, nikaendesha mpaka nikaipita nyumba yangu mwenyewe.

Kwa sababu mimi nilikuwa najua jambo. Januari, pale hospitali, Doyle alinishika mkono, nami nikadhani sasa ananiambia lile neno ambalo wanaume wa Indiana huliweka mpaka mwisho. Akaniambia kwamba na yeye alimtilia Lamar nyeusi. Nilidhani ni dawa zinaongea. Nikamkumbusha kwamba yeye ndiye aliyempendekeza. Akasema hapana, aliyempendekeza ni mimi. Mimi ndiye niliyemwambia nenda kampeleke Lamar, apate watu wa maana wa kukaa nao. Na alikuwa akifanya kazi katika kinu cha baba yangu, akilala katika nyumba tuliyopewa na baba yangu, Jumapili akila na ukoo mzima wa akina Hutsell. "Nilikuwa na Alhamisi tu, Twila," alisema. "Mahali pamoja ambapo mimi si mume wa Twila. Lamar angeingia, ningekuwa shemeji wa mtu hata huko."

Nilitaka kumzaba kofi mtu aliye kwenye mashine ya hewa. Nikamtengenezea mto badala yake, kwa nguvu kidogo.

Jumanne nikawakusanya wote jikoni, Korongo watatu upande mmoja wa meza, Lamar upande wa pili na ovaroli yake. Wendell akaanza na kiapo. Kiapo hiki, kiapo kile, kiapo cha mwaka 1848, mbele ya Mungu na ndege wa angani.

"Wendell," nikamwambia, "mume wangu yuko kwenye jokofu anawasubiri nyinyi mmalize kukumbuka kiapo. Aliyetia aseme, twende."

Aliyesema ni Merle, ambaye sote tulidhani amelala.

"Ni mimi," akasema. "Nisamehe, Lamar. Zilikuwa glavu."

Tukamwangalia. Akaeleza kwamba mwaka ule ndio kwanza alikuwa amepewa cheo cha Mlinzi wa Mlango, na cheo kina glavu zake, za ngozi, nene, zinafika viwikoni. Alizipenda mno. Alipiga kura nazo. Bakuli lilikaa gizani, macho yake hayakuwa mazuri hata wakati huo, na ndani ya glavu hakujua ameshika nini mpaka aliposikia sanduku lina giza, akatazama kidole cha glavu akakuta doa la rangi nyeusi. Angesema, lakini kiapo. Halafu mwaka ukapita, halafu kumi, na ingekuwa ajabu kusema.

"Glavu," Lamar akasema. Alilisema neno hilo polepole sana. "Merle, mimi nimeuchukia mji mzima miaka arobaini kwa sababu ya glavu?"

"Hapana, hukuuchukia kwa sababu ya glavu," akadakia Orrin, na uso wake ulikuwa mwekundu mpaka kwenye upara. "Aliyetia ni mimi. Merle, wewe sijui ulitia nini. Mimi nilitia nyeusi kwa makusudi." Akageuka kwa Lamar. Alisema Lamar aliacha kunyoa. Mtoto ambaye yeye alimnyoa tangu ana miaka miwili, akapita mbele ya duka lake mchana kweupe na nywele zile, na vijana wote wakaanza kumuiga, na kiti cha tatu dukani kikakaa tupu tangu siku hiyo. Alikuwa na uchungu. Alidhani ni yeye peke yake, na amelala na jambo hilo tangu wakati huo.

Basi Wendell akaanza kuifuta miwani yake, akaifuta, akaifuta, mpaka nikamwambia itatoboka. Ndipo akasema kwamba katika maonesho ya kaunti ya mwaka 1970 Lamar alimshinda katika mchezo wa kurusha viatu vya farasi, mbele ya mke wake, na baada ya kumshinda alimpigapiga begani akamwambia ajaribu mwakani. Ni hilo la begani.

Walikuwa wanaangaliana wao kwa wao sasa, hao watatu, midomo wazi. Kila mmoja alikuwa amejiona mwuaji peke yake miaka arobaini, kumbe walikuwa genge. Ningecheka kama mambo yasingekuwa yanaelekea nilikojua yanaelekea.

"Ninachotaka kujua sasa," Lamar akasema, "ni kama humo ndani kulikuwa na nyeupe hata moja." Akajaribu kutabasamu. "Ya Doyle. Walau ya Doyle ilikuwemo."

Korongo hawakujua, wakaniangalia mimi.

Ningeweza kutikisa kichwa kukubali. Kichwa kimoja, mara moja, na Doyle angepata pembe yake ya nne na Lamar angesimama pale kwa mapenzi. Sitakudanganya kwamba nilisema kwa sababu ya ukweli. Kidogo ilikuwa ni hao wazee watatu, kwamba walijivua nguo mbele yangu na mimi ndiye ningebaki na koti. Lakini zaidi nilikuwa na hasira. Nilimkasirikia Doyle kwa kufa, na kwa tai, na kwa Alhamisi.

"Nyeusi," nikasema. "Na yeye alitia nyeusi. Aliniambia mwenyewe."

Lamar akauliza kwa nini, kwa sauti ya mtoto, na hiyo ndiyo iliyoniumiza. Nikamweleza yote kama nilivyoambiwa, kinu na nyumba na Jumapili, na kwamba Doyle alitaka jioni moja kwa wiki ambayo si yetu. Nilidhani atanyanyuka aondoke. Nilidhani nimemzika Doyle kwa mdomo wangu kama mtu yeyote.

Lamar akaanza kucheka. Kilikuwa kicheko kibaya, cha machozi, amejishika kichwa.

"Dada," akasema, "mimi ningetia gololi mbili. Uliniambia nikate kucha siku ya harusi yangu, mbele ya mchungaji."

"Zilikuwa ndefu," nikasema.

Nikawageukia wale watatu nipate watu wa upande wangu. Orrin alikuwa anachunguza kijiko. Wendell hakuwa na ukurasa wa jambo hilo. Merle, Mungu amsaidie, aliniangalia kwa upole kabisa. "Shemeji," akasema, "tulikuwa tukimwekea kiti karibu na dirisha, anakaa tu. Hakuna aliyemsemesha mpaka saa mbili."

Miaka arobaini na sita ya ndoa. Nilisimama, nikawaambia kahawa imekwisha, ingawa birika lilikuwa limejaa na wote waliliona. Waliondoka wakigongana mlangoni. Iliniuma, na inaniuma mpaka sasa nikikusimulia. Sikujua kwamba nilikuwa mtu wa kukimbiwa. Nilikuwa nikidhani mimi ndiye niliyekuwa nikiachwa nyumbani.

Lamar alibaki kizingitini anatafuta kofia yake ambayo ilikuwa kichwani. Nikamuuliza, bila kumwangalia, kama atakuja Alhamisi.

"Nitakuja. Si kwa ajili yao. Miaka yote hii nimekaa nje, nataka kuona humo ndani kuna nini."

"Na Doyle?"

"Doyle nimemkasirikia vibaya sana," akasema. "Nitamkasirikia nikiwa nimesimama karibu naye."

Alhamisi nilikuwa jiko la chini, kama siku zote, na katika jiko hilo kuna kishubaka cha kupandishia sahani ambacho ukiweka sikio unasikia kila kitu cha ukumbini. Wanaume hawajui. Lamar alikaa kwenye ngazi zile zile. Juu, watu watatu ambao kila mtu alijua kwamba sasa wanamtaka wakapiga kura ya siri kuhusu kumtaka. Nilisikia hatua zao, moja moja, na kila mara kishindo kidogo cha gololi. Nikasikia sanduku likifunguliwa.

"Sanduku lina giza," akasema Orrin, kwa sauti ya mtu anayetamani kufa.

Nilishika sufuria, sikumbuki kwa nini, nadhani nilitaka kupanda nayo. Halafu nikasikia sauti ya Merle, ndogo sana, ikisema kwamba huenda, anasema huenda tu, ni yeye tena, kwa maana katika kura rasmi Mlinzi wa Mlango anapaswa kuvaa glavu.

Kutoka kwenye ngazi Lamar akapaza sauti. "Vua glavu, Merle."

Wendell akatafuta ukurasa unaoruhusu kura kurudiwa kosa likitokea, akaupata, na Merle akapiga kura na mikono mitupu. Sanduku likawa jeupe. Walimfunga mdogo wangu kitambaa machoni, akiwa na miaka sitini na minne na goti bovu, wakamzungusha ukumbini mara tatu. Sikusikia kitu cha maana humo ndani. Kwa sehemu kubwa nilisikia watu wakikohoa.

Jumamosi tukamzika. Ilikuwa Machi, na upepo wa Indiana wa Machi hauna heshima na manyoya. Kofia ya Orrin iliruka mara mbili, mara ya pili ikaingia katika kaburi lenyewe na ikabidi mchimbaji aitoe kwa koleo. Lamar alikuwa amevaa kofia ya marehemu fulani mwenye kichwa kidogo, imekaa juu ya nywele zake kama birika. Doyle alikuwa na tai ya kahawia aliyoichagua mwenyewe, mbaya. Sikusema neno. Lakini pembe zote nne zilikuwa na mtu.

Walisoma waliyoyasoma. Kila mmoja akaweka kijiti cha mwerezi juu ya jeneza. Kisha Orrin akatangaza, kama inavyotangazwa kila mara, kwamba wasio ndugu warudi nyuma hatua ishirini, kwa maana Korongo anayekwenda lazima anong'onezwe neno la siri la Kiota chake, nalo halisikiwi na mwingine. Katika mazishi mengine mimi nilikuwa nikirudi hatua nane, nikisingizia miguu. Safari hii nilizihesabu. Majirani wakasimama kwenye kumi na mbili, kumi na tano; mimi nikaenda mpaka ishirini, nikamwacha mume wangu na wenzake.

Wakainama wote wanne. Wakakaa wameinama muda mrefu kuliko neno moja linavyohitaji. Nikamwona Orrin amenyanyua kichwa anamwangalia Wendell. Wendell akapapasa mifuko ya koti lake, lakini neno hilo haliandikwi popote, hata kwenye Katiba. Wakamtazama Merle. Merle akafikiri, akatikisa kichwa. Lamar aliambiwa juzi tu, akiwa na kitambaa machoni na watu watatu wanakohoa, kama kweli aliambiwa.

Basi Lamar akageuka akanitazama. Ndivyo alivyokuwa akinitazama tangu ana miaka minne, kila akisahau kitu.

Neno nalijua. Doyle alikuwa mtu wa kuongea usingizini, na mke wa Korongo hahitaji ngazi wala kitambaa, anahitaji tu kulala macho. Nimelijua tangu 1968. Ni neno fupi. Upepo ulikuwa unavuma kuelekea kwao, nisingehitaji hata kupaza sauti, na lilikuwa limeshafika kwenye meno.

Nikawapa mgongo. Nikaangalia kaburi la mtu nisiyemjua, nikasoma tarehe zake. Nyuma yangu nikasikia wananong'ona, wakabishana kidogo, kisha wakanyamaza, kisha kitu kimoja kikasemwa kwa sauti ya chini na wanaume wanne kwa pamoja. Walimwambia kitu. Jumapili Lamar alipokuja kula, sikumuuliza.